Sanduku la Kamukunji halimo kwenye hesabu

Januari nilikwenda Kamukunji, kwa mafundi wa bati jijini Nairobi, kumnunulia mpwa wangu sanduku la bati, maana alikuwa anaingia shule ya bweni. Fundi akanionyesha moja ambalo komeo lake limeingizwa ndani, kufuli likakaa kwenye kishimo kisichopenya nondo. "Wanaibiana sana huko," akasema, huku anaendelea kugonga bati jingine. Niliporudi Februari kutafuta la pili, sanduku la jirani yake nalo lilikuwa na kishimo.

Huo ni ubunifu? Kwa Mwongozo wa Oslo wa kupima ubunifu, ambao OECD, shirika la kiuchumi la nchi nyingi tajiri, iliutoa mara ya kwanza 1992 na ndio watakwimu wengi hufuata, ndiyo. Toleo la 2018 linataka bidhaa au utaratibu wa kazi uwe mpya au ulioboreshwa, utofautiane vya kutosha na ule wa awali wa biashara hiyohiyo, na uwe umeshaanza kutumika. Si lazima uwe mpya duniani. Kwa hiyo hata jirani aliyeiga amo. Jiko letu la makaa lenye udongo ndani si lilitokana na jiko la ndoo la Thailand? Ukihesabu hataza, yaani hati za kulinda uvumbuzi, peke yake, hayo yote huyaoni.

Kasoro ni nani anaulizwa. Ulaya wanafanya utafiti wa kupima ubunifu wa kampuni kila baada ya miaka miwili, na kwa kawaida wanaanzia kampuni za watu 10 kwenda juu. Kwao sawa. Huku kwetu Kenya, utafiti wa 2016 wa KNBS, shirika la takwimu la taifa, ulikuta biashara ndogo na za kati kama milioni 7.4, na kati ya hizo milioni 5.85 hazikuwa na leseni. Tukinakili kile kipimo cha watu 10, fundi wangu na vijana wake wawili wameachwa nje, kisha tunaita matokeo hayo ubunifu wa nchi.

Halafu kuna swali lenyewe. Meneja akiulizwa kama kampuni yake imebuni chochote miaka mitatu iliyopita, nani atasema hapana? Fundi naye atajibu kwamba yeye anauza masanduku tu. Mimi ningemuuliza: leo unatengeneza nini ambacho mwaka juzi hukuwa unatengeneza?

Karani atakayetumwa aende asubuhi mapema, kabla nyundo hazijachachamaa. Mimi niliuliza bei mara tatu.