Tanga tunauliza "gazeti la nani?" kabla ya kusoma

Ngamiani, kwenye meza ya magazeti, watu husimama asubuhi wakasoma vichwa vya habari bila kununua. Hilo ni la miaka yote. Siku hizi limeongezeka swali linalotangulia. Mzee anaonyeshwa ukurasa wa mbele, na kabla hajavaa miwani anauliza, "La nani hilo?" Akiambiwa ni la serikali, au la chama, au la tajiri fulani aliye karibu na wapinzani, hukumu imeshatoka, na habari yenyewe haijasomwa.

Wapo wanaosema waandishi wamejitakia kutoaminiwa huku. Wapo wanaosema tatizo ni sisi wasomaji, tumekuwa mashabiki wa vyama kama wa Simba na Yanga, na habari tunaipima kwa kuangalia inamuumiza nani. Nimezisikiliza hoja zote mbili kwa muda mrefu, na sioni kwamba zina uzito sawa.

Kwanza, kuuliza mwenye gazeti si kosa, wala hakukuanza jana. Miaka ya 1890 wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walikuwa wakichapa Habari za Mwezi kule Magila, Muheza. Mwanzoni mwa karne ya 20 shule ya serikali ya Wajerumani hapa mjini Tanga ikatoa Kiongozi, lililoendelea hadi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila msomaji alijua ni gazeti la serikali, na bado Waafrika waliojua kusoma walilipokea na kuliandikia. Baadaye TANU ikawa na Sauti ya TANU, na makala za humo zilimfikisha Mwalimu Nyerere mahakamani mwaka 1958, akatiwa hatiani kwa kashfa. Gazeti lenye upande linasomeka vizuri kabisa, mradi upande wake ujulikane. Kinachoua imani ni upande uliofichwa, na habari iliyojulikana na wote isiyoandikwa na yeyote.

Hapo ndipo serikali inapoingia, na hapo nalaumu bila kusita. Sheria ya Magazeti ya 1976 ilimpa waziri uwezo wa kufungia gazeti, na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 haikuliondoa rungu hilo. MwanaHalisi, Mawio, Mtanzania na Raia Mwema yote yameonja kufungiwa. Mwaka 2021 hata Uhuru, gazeti la CCM yenyewe, lilisimamishwa kwa habari iliyodai Rais Samia hana wazo la kugombea 2025. Februari 2022 magazeti manne yalifunguliwa, tukapumua. Oktoba 2024 kampuni ya Mwananchi Communications ikasimamishiwa leseni zake za mtandaoni kwa siku 30 kwa ajili ya katuni ya video iliyogusa habari za watu waliopotea.

Mwananchi wa kawaida naye alipunguziwa nafasi ya kujionea. Januari 2016 TBC, televisheni ya taifa, iliacha kurusha Bunge moja kwa moja, sababu iliyotolewa ikiwa gharama. Mwaka 2017 Waziri wa Habari, Harrison Mwakyembe, akavitaka vituo vya redio na televisheni visome vichwa tu vya magazeti, visiingie ndani. Mtu wa Pangani ambaye gazeti linamfikia jioni, au halimfikii kabisa, alikuwa analisoma kwa sikio kupitia redio ya asubuhi. Akabaki na kichwa cha habari.

Halafu ikaja 2020. Takwimu za corona zilikoma kwenye wagonjwa 509, na baada ya hapo kimya. Watu walitoka mazikoni wakafungua redio, wakakuta dunia nyingine inasimuliwa. Mhariri aliyenyamaza alikuwa na sababu: leseni, wafanyakazi, familia. Lakini msikilizaji aliyezika jirani yake hakusahau, na sidhani kama tunaelewa vya kutosha jinsi mwaka ule ulivyotugharimu. Ukidanganywa jambo la mbali hutajua. Ukinyamaziwa jambo lililo uani kwako, utaihoji hata taarifa ya bei ya mafuta.

Nikisema hivyo siwasahau waliolipa. Mwandishi Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini Nyololo, Iringa, Septemba 2012. Mwandishi mwenzake, Azory Gwanda, alichukuliwa Kibiti Novemba 2017 na hajaonekana. Anayesema waandishi wote wa nchi hii ni chawa, wasifiaji wa wakubwa, awataje hao kwanza.

Pamoja na hayo, upande wa wanaowalaumu waandishi una hoja isiyofutika kwa kutaja sheria. Bahasha ya pesa haikuletwa na waziri. Mwandishi wa mkoani hulipwa kwa habari iliyotoka, tena kidogo, na nauli hana. Anaalikwa kwenye semina, anasaini karatasi ya posho, kesho habari inaanza na "Kiongozi fulani amewapongeza wananchi". Nani ataamini hiyo? Hapa kwetu Chongoleani ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443. Nilichosoma kuhusu mradi huo kwa sehemu kubwa kilikuwa hotuba za ajira na neema, au kampeni za mashirika ya nje ya kuupinga. Mwenye shamba aliyetaka kujua fidia inakokotolewaje hakusaidiwa na upande wowote.

Sasa sisi wasomaji. Mwaka 2015 CUF ilichukua ubunge wa Tanga Mjini, ukafuata mgogoro wa umeya na madiwani wake wakagomea vikao. Mjini ukimtajia mtu habari ya mgogoro ule, alikuuliza umeisoma wapi kabla ya kuuliza imesemaje. Ila yule yule anayedai ukoo mzima wa gazeti akiletewa sauti ya WhatsApp inayoanza "ndugu zangu, mimi niko hapa hapa", anaisambaza kwenye makundi kabla haijaisha. Msemaji hajulikani, mahali hapajulikani, na swali la "la nani hilo?" halisikiki. Tunashuku kwa upande mmoja tu. Huo ni ushabiki, na hakuna waziri aliyetulazimisha.

Mambo yote mawili, ukimya wa vyombo na uvumi, yalikutana Oktoba 29, 2025. Mtandao ulizimwa siku ya kupiga kura na ukabaki hivyo kwa siku kadhaa, huku watu wakiuawa kwenye ghasia. Vyombo vingi vya ndani vilikuwa vikieleza nchi tulivu. Lisemwalo lipo, watu wakasema, wakaamini walichosikia kwa jirani. Mtandao uliporudi, kila mmoja alikuwa na hesabu yake ya waliokufa, na hakukuwa na chombo cha ndani ambacho pande zote zingekubali kikahesabu. Kwa hilo siwezi kumlaumu msomaji. Aliachwa peke yake.

Nadhani imani ikirudi itaanzia chini, kwenye habari ambayo msomaji anaweza kwenda kuihakiki kwa miguu. Kila mwaka ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, huwa na hoja za halmashauri, na mkoa huu una halmashauri 11. Zahanati iliyolipiwa haikujengwa, anayekaa jirani nayo anajua. Redio ya hapa ikiitaja kwa jina la kijiji, ikampa mkurugenzi nafasi ya kujibu, na ikikosea ikasahihisha hewani saa ile ile, msikilizaji wa CCM na wa upinzani watakuwa wanazungumzia jengo moja.

Wahariri huniambia habari za halmashauri haziuzi. Huenda. Lakini malumbano ya kitaifa simu inayatoa bure, na kilichoamuliwa na madiwani wa Mkinga hakipo kwenye simu ya mtu. Swali gumu ni nani atamlipa nauli mwandishi wa kwenda Mkinga, ikiwa si yule aliyemwalika. Wamiliki hawajalijibu, na mlipaji wa matangazo mkubwa kuliko wote bado ni serikali. Jukwaa la Wahariri na Baraza la Habari walianze hilo la nauli, mwaka huu, kabla ya semina nyingine ya maadili.