Kiluwiluwi wa Dodoma apimwe kwa maji yapi?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unakubali maji ya kunywa yawe na shaba hadi miligramu 2 kwa lita. Kanuni ya zamani ya Shirika la Mazingira la Marekani, iliyowekwa kuwalinda viumbe wanaoishi kwenye maji baridi, iliishia mikrogramu 9 hivi za shaba kwa lita (mikrogramu 1,000 ni miligramu 1), kwa maji yenye ugumu, yaani chumvi za kalsiamu na magnesiamu, wa miligramu 100 kwa lita. Tofauti inazidi mara 200. Shaba tunayoimeza sisi hupitia tumboni na ini likaishughulikia. Kiluwiluwi, mtoto wa chura, anapumua ndani ya maji hayo: shaba iliyoyeyuka hung'ang'ania kwenye matamvua na kuzuia sodiamu isiingie, chumvi ya damu ikashuka hadi akafa. Kwa hiyo anayesema "maji haya yamepimwa, ni salama" bado hajasema lolote kuhusu chura.

Kwa sisi wa kanda ya kati ya Tanzania, suala hili limeshafika mlangoni. Dodoma ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2018, inajengwa kila upande, na nyumba nyingi zinaezekwa bati. Bati hupakwa zinki, na mvua za kwanza za Desemba huikokota pamoja na vumbi la barabarani hadi madimbwini. Kwenye mashamba ya zabibu ya Hombolo na Makutupora wakulima wanapambana na ukungu, na mrututu, ambao ni chumvi ya shaba, uliochanganywa na chokaa ni dawa ya mizabibu inayojulikana duniani tangu miaka ya 1880. Ukienda Haneti, kijani cha mawe ya krisopresi yanayochimbwa huko ni nikeli. Sekenke, mkoani Singida, dhahabu imechimbwa tangu enzi za Wajerumani, na wachimbaji wadogo nchini bado wanakamatisha dhahabu kwa zebaki. Hayo hayathibitishi kwamba madimbwi yetu yana sumu. Yanaonyesha kwamba njia za metali kufika majini zipo, na anayetaka kujua zinawafanya nini vyura hana budi kupima. Ubishi uko kwenye namna ya kupima: kwa kipimo cha kawaida cha maabara, au kwa vyura wa kwetu wenyewe.

Upande mmoja una kipimo kilichozoeleka duniani, cha saa 96, kwa viinitete, yaani mayai yaliyoanza kukua, vya Xenopus laevis, chura mwenye kucha wa kusini mwa Afrika. Jike hudungwa homoni, akataga wakati wowote wa mwaka. Mayai huvuliwa ute kwa kemikali iitwayo sisteini, yaliyogawanyika vizuri huchaguliwa kwa hadubini, kisha huwekwa kwenye visahani vyenye maji yaliyotengenezwa maabara, kila kisahani na kiwango chake cha metali, kwenye joto la nyuzi 24 hivi. Maji hubadilishwa kila siku. Saa 96 zikitimia, wafu huhesabiwa, halafu walio hai hutazamwa mmoja mmoja: mkia uliopinda, utumbo ulioshindwa kujiviringa, jicho lililoumbika vibaya, tumbo lililojaa maji. Zinapatikana namba mbili, kiwango kinachoua nusu yao na kiwango kinacholemaza nusu yao, na umbali kati ya namba hizo unaeleza kama metali ni muuaji tu au pia ni mharibifu wa maumbile.

Kipimo hiki nakiheshimu. Maabara ya Dodoma na ya Kentucky, Marekani, zikikifanya kwa utaratibu uleule, majibu yake yanalinganishika. Wazazi wa mayai wanajulikana, chakula chao kinajulikana, na hakuna anayeweza kudai kwamba viinitete vilikuja na ugonjwa kutoka porini. Vyura wa kwetu hawampi mtafiti raha hiyo. Wengi wamejifukia ardhini karibu mwaka mzima, wanataga mvua zikinyesha, na ukichelewa kidogo umekosa mayai hadi msimu ujao. Halafu kuna mzigo wa kimaadili wa kuua wanyama wa porini ili kupata namba ambayo huenda isirudiwe na mwingine. Wanaotetea kipimo cha kawaida wana hoja nzito.

Ila wanapoishia kwenye saa 96, naachana nao. Dimbwi la Dodoma lina ratiba yake. Mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na katikati jua likikaza dimbwi linakauka. Kiluwiluwi anatakiwa aote miguu na kupanda nchi kavu kabla ya hapo. Metali katika kiwango kisichoua huweza kumdumaza, naye kwenye jedwali la maabara anaandikwa "hai". Kwa chura wa mto usiokauka, kuchelewa wiki mbili ni hasara. Kwa chura wa dimbwi letu, kuchelewa ndiko kufa, na kifo hicho hakionekani katika saa 96. Ute nao huvuliwa maabara, ilhali porini ndio ngao ya kwanza ya yai.

Tena kuna suala la chura yupi. Miaka ya 1970 Wesley Birge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kentucky walijaribu metali nyingi kwa viinitete vya chura mdogo wa Marekani, Gastrophryne carolinensis, na kwa samaki aina ya trauti. Kwa metali kadhaa, zebaki ikiwemo, chura ndiye aliyekufa kwa kiwango cha chini zaidi. Chura huyo ni wa familia moja na Phrynomantis bifasciatus, yule mweusi mwenye mistari myekundu mgongoni anayeishi katika nyanda kavu za Afrika Mashariki. Udugu huo hauthibitishi kwamba wa kwetu naye ni dhaifu hivyo, lakini unatosha kunizuia kumchukua Xenopus kama msemaji wa vyura wote. Na kumleta Xenopus laevis ni hatari nyingine, kwa kuwa ameshatoroka na kuvamia Chile na Ufaransa, na anaweza kubeba kuvu wa kitridi, anayeua vyura. Nchi iliyomwona chura wa Kihansi akitangazwa kutoweka porini mwaka 2009, baada ya mto wake kuelekezwa kwenye umeme na kuvu huyo kukutwa kwenye mizoga, isijaribu bahati. Tanzania ina Xenopus muelleri wake, na huyo angefaa kuwa kipimo cha kulinganishia.

Hata hivyo naona pande zote mbili zinabishana sana kuhusu chura na kidogo mno kuhusu maji, na hapo ndipo majibu mengi yanapoharibika. Kila mtu Dodoma anajua maji ya visima ni magumu, ukifua nayo sabuni haitoi povu. Ugumu huo ni kalsiamu na magnesiamu, ambazo hugombania nafasi na shaba kwenye matamvua na kumpunguzia kiluwiluwi makali. Ni rahisi basi kusema vyura wetu wana kinga. Lakini chura hatagi kisimani. Anataga kwenye maji ya mvua, ambayo siku za kwanza ni laini na kinga yake ni ndogo, huku mvua ileile ndiyo inayoleta zinki ya mabati. Baadaye dimbwi linapungua. Likibaki nusu kwa kukaushwa na jua tu, shaba iliyoyeyuka ikabaki yote, kiwango chake kinakuwa mara 2. Ugumu nao unakuwa mara 2, lakini kwa kanuni ile ya Marekani kinga yake inapanda mara 1.8 tu. Udongo wa mfinyanzi na uozo wa majani hunasa sehemu ya metali, huo ni ukweli unaowapa nguvu wasio na hofu. Ila viluwiluwi wengi wa vyura wa kawaida hukwangua tope hilohilo wakila, na kipimo cha metali iliyoyeyuka hakiioni njia hiyo.

Ningeanza basi na maji ya dimbwi lenyewe, yachotwe mara mbili: mvua za kwanza zikishanyesha, na dimbwi likishapungua nusu. Chupa moja ichujwe palepale kwa kichujio cha mikromita 0.45 na kutiwa tindikali ya naitriki, maana ukisubiri hadi maabara metali zinashika kwenye kuta za chupa na kwenye chembe za udongo. Chupa nyingine ibaki bila tindikali kwa ajili ya viluwiluwi. Muelleri awekwe humo kwa saa 96, kama chujio la kwanza, na chura wa dimbwi hilo awekwe hadi aote miguu, na siku alizotumia ziandikwe pamoja na idadi ya waliokufa. Na ripoti yoyote inayopelekwa kwa wasimamizi wa mazingira itaje ugumu, uozo wa majani ulioyeyuka na joto la maji kando ya kila kiwango cha metali, la sivyo irudishwe.