Mkaa ni jadidifu, gesi siyo. Tupikie nini?

Jedwali lile la shuleni wengi wetu tulilikariri. Kushoto nishati jadidifu: jua, upepo, maji, jotoardhi na tungamotaka. Kulia zisizo jadidifu: makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia. Wa kushoto rafiki wa mazingira, wa kulia adui. Ukiandika hivyo kwenye mtihani unapata alama zako zote.

Tabu inaanza ukikumbuka kwamba tungamotaka ni jina la kiofisi linalobeba ndani yake kuni na mkaa. Simama alfajiri kando ya Barabara ya Morogoro, upande wa kuingilia Dar es Salaam, utazame pikipiki zikipita na magunia ya mkaa yaliyokazwa kwa mipira mpaka dereva haonekani kwa nyuma. Hiyo yote ni nishati jadidifu. Na mtungi wa gesi wa kilo 6 wa jirani yako, ule unaopigiwa kampeni kila siku ili kuokoa misitu, ni nishati ya kisukuku, ya ule upande wa kulia.

Neno jadidifu halisemi lolote kuhusu usafi. Linasema kitu kinarudi, na kurudi kunataka muda. Miyombo, inayofunika sehemu kubwa ya misitu ya Tanzania, ina sifa moja nzuri: ukiikata ukaacha kisiki, inachipua yenyewe bila mtu kupanda kitu. Kilosa, mkoani Morogoro, vijiji kadhaa vimekuwa vikitumia sifa hiyo tangu mradi wa mkaa endelevu ulipoanza mwaka 2012. Eneo la kuvuna hugawanywa vitalu vidogo, kinakatwa kimoja na cha jirani kinaachwa, na kilichovunwa hakiguswi tena kwa miaka 24. Ushuru unabaki kijijini. Mkaa wa namna hiyo sina ugomvi nao.

Ila gunia unalolikuta gengeni kwako, mara nyingi, halikutoka kwenye kitalu cha aina hiyo. Limetoka kwenye tanuri la udongo porini. Mchomaji hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, huwasha kwa tundu moja, kisha hukesha nalo siku kadhaa akiziba kila ufa, maana hewa ikizidi ataamka na majivu. Kilo moja ya mkaa hapo hula kilo 5 mpaka 10 za kuni. Na ule moshi mzito unaopenya kwenye udongo si hewa ukaa peke yake. Kuni zikiungua kwa hewa haba hutoa pia methani, gesi nyingine inayoongeza joto duniani. Mti ukichipua upya utainyonya hewa ukaa, lakini kuchipua huko hakuirudishi methani.

Kwa hiyo kwenye mizani ya moshi, gesi inashinda, tena mbali. Haina masizi, na haimlazimishi mama kupika huku anafuta machozi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na mtungi umebeba sehemu kubwa ya hamasa hiyo. Wanaolalamika kwamba tunatoka kwenye jadidifu kwenda kwenye kisukuku wanalisoma jedwali kuliko wanavyoliangalia tanuri.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Watu wengi wanaamini gesi ya mtungini ndiyo ile inayochimbwa nchini, Songo Songo na Mnazi Bay. Siyo. Gesi yetu kwa sehemu kubwa ni methani. Inapita bombani kwenda kwenye mitambo ya umeme, viwandani na kwenye nyumba chache zilizounganishwa. Ya mtungini ni propani na butani, inashushwa bandarini kutoka nje na kulipiwa kwa dola. Bei ya dunia ikipanda, inapanda mpaka kwenye sufuria ya ubwabwa. Mkaa, pamoja na ubaya wake wote, hauagizwi kwa meli, na hela yake humfikia mtu wa kijijini ambaye hana biashara nyingine ya kiangazi.

Tena unauzwa kwa kopo. Mama lishe ninayekula kwake mchana ana vyote viwili: mtungi chini ya meza kwa chai na mayai, jiko la mkaa nyuma kwa maharage na makongoro. Hesabu yake haina siri. Mtungi unataka elfu ishirini na kitu kwa mkupuo, wakati buku moja ya mkaa inatosha kuanzia siku. Marufuku ya mkaa iliwahi kujaribiwa mwanzoni mwa 2006. Bei ikapaa mjini, na amri yenyewe haikudumu. Wala tusimsukumie mchomaji dhambi zote. Misitu mingi inapotea kwa jembe: mkaa huchomwa leo, msimu ujao panalimwa ufuta au mahindi, kisiki kinang'olewa, na hapo ile habari ya kuchipua imekwisha.

Mimi ningeweka nguvu zaidi kwenye umeme, hasa kwa vyakula vinavyokaa jikoni muda mrefu. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115. Jadidifu hiyo nayo ina gharama yake: limejengwa ndani ya Selous, hifadhi iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1982, na ziwa lake limefunika zaidi ya kilomita za mraba 900 za pori. Pori limeshazama. Kuuacha umeme wake uwashe taa tu huku maharage yanaendelea kula miyombo ni kulipa mara mbili. Kilo ya maharage kwenye jiko la presha la umeme haimalizi hata uniti moja ya umeme, na uniti, hata bila nafuu ya mtumiaji mdogo, haifiki shilingi 400. Kopo la mkaa haliwezi kushindana na hesabu hiyo.

Kinachobaki ni bei ya jiko lenyewe, ambayo mama lishe hana namna ya kuilipa kwa vikopo, na tarehe za mwisho wa mwezi. Ikifika tarehe 25 LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, inaanza kulia, mtungi uliisha wiki iliyopita, na mtoto anatumwa gengeni na buku mkononi.