Noti kwenye mizani ya chuma mzee

Mara ya kwanza nilipopeleka vyuma chakavu kuuza hapa Uingereza, nilikuwa na mabomba ya shaba ambayo fundi aliyang'oa alipokuwa akibadilisha mfumo wa kupasha maji moto ndani ya nyumba, na nilidhani kazi yangu ilikuwa kuyaweka juu ya mizani, kupokea noti zangu na kuondoka. Karani wa mizani alitaka kwanza kitambulisho chenye picha pamoja na barua yenye anwani yangu, akavitoa nakala, akaandika namba ya gari nililokuja nalo, aina na uzito wa mzigo, tarehe na saa, kisha akaniomba namba ya akaunti yangu ya benki. Nilipomsihi anilipe taslimu kwa kuwa kiasi chenyewe kilikuwa kidogo, alinyoosha kidole kuelekea bango lililobandikwa ukutani na kusema kwamba sheria hairuhusu. Nilikereka, nakiri, nikajiuliza ni wizi gani unaoweza kufanywa kwa mabomba matatu yaliyooza. Baadaye nilielewa kwamba usumbufu ule ndio kazi yenyewe ya sheria hiyo.

Waingereza hawakuzaliwa na utaratibu huo. Kwa karibu miaka 50 walikuwa na sheria ya mwaka 1964 iliyomtaka mfanyabiashara wa vyuma chakavu ajiandikishe tu kwa halmashauri ya eneo lake, na halmashauri haikuwa na uwezo wa kumkatalia hata kama rekodi yake ilinuka. Bei ya shaba ilipopanda, nyaya za reli zilianza kukatwa usiku na treni zikasimama, madini ya risasi yakabanduliwa kwenye mapaa ya makanisa, na vibao vyenye majina ya askari waliokufa vitani vikang'olewa kwenye minara yao ya kumbukumbu. Mwaka 2005 sanamu kubwa ya shaba ya Henry Moore, iliyokadiriwa kuwa na thamani ya pauni milioni 3, iliibwa huko Hertfordshire, na polisi walifikia imani kwamba iliyeyushwa na kuuzwa kwa pauni zisizozidi 1,500. Desemba 2011 sanamu ya Barbara Hepworth ikaondoka vivyo hivyo katika bustani ya umma ya Dulwich, kusini mwa London.

Ndipo malipo ya fedha taslimu yakapigwa marufuku Uingereza na Wales kuanzia Desemba 2012, na sheria mpya kamili ikaanza kutumika Oktoba 2013. Chini ya sheria hiyo, mwenye yadi, yaani eneo la kununulia vyuma chakavu, anahitaji leseni ya miaka 3 kutoka halmashauri, ambayo sasa inaweza kumnyima au kumpokonya ikiwa si mtu wa kuaminika. Lazima athibitishe jina na anwani ya kila anayemuuzia, na kumbukumbu hizo azihifadhi kwa miaka 3. Polisi na maofisa wa halmashauri wanaweza kuingia yadini wakati wowote unaofaa na kuomba kuona vitabu vyake. Hakuna jambo la ajabu katika orodha hiyo, isipokuwa kwamba mzigo wote umewekwa mabegani mwa mnunuzi.

Hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa na nyumbani Kenya. Sisi pia tuna Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015, iliyounda Baraza la Vyuma Chakavu na kumtaka kila mfanyabiashara awe na leseni, na adhabu zake si za mchezo. Hata hivyo, Januari 2022 minara ya laini ya umeme kutoka Kiambere kwenda Embakasi ilianguka, nchi ikaingia gizani, serikali ikasema minara hiyo ilikuwa imehujumiwa, na siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara yote ya vyuma chakavu pamoja na usafirishaji wake nje ya nchi. Marufuku hiyo ilidumu hadi Mei. Naielewa hasira iliyoizaa, lakini kufunga biashara nzima ni kukubali kwamba sheria iliyokuwapo kwa miaka 7 haikuwa ikifika kwenye mizani. Walioumia kwanza ni waokotaji wanaosukuma mikokoteni na mafundi wa jua kali wanaotegemea malighafi hiyo, ambao wengi wao hawajawahi kupanda mnara wowote.

Tuutazame mnara wenyewe. Vyuma vyake vya pembe vimetobolewa matundu kwa vipimo maalumu, vimepakwa zinki, na havitumiki kujengea banda la kuku. Hakuna mwananchi anayemiliki mnara wa umeme, wala reli, wala transfoma, wala kifuniko cha shimo la majitaka cha kaunti. Kwa hiyo mtu anapofika yadini saa nne usiku na vipande vya pembe vilivyokatwa kwa msumeno, mwenye mizani hahitaji upelelezi ili ajue anachotazama. Anahitaji tu sababu ya kukataa, na leo sababu ya kukubali ina nguvu zaidi, kwa kuwa akitoa noti hakuna popote pataonyesha kwamba wawili hao waliwahi kukutana. Kesho chuma hicho kitakuwa tanuruni, na chuma kilichoyeyuka hakina mwenyewe. Wakati pekee ambapo wizi wa aina hii unakuwa na sura ya mtu, jina na saa ni pale mzigo unapowekwa juu ya mizani. Ukipita hapo, hata hakimu mkali kuliko wote hana ushahidi wa kushika.

Sisi tumezoea kumkimbiza aliye juu ya mnara. Tunamuongezea faini, tunamuongezea kifungo, tunamwita mhujumu uchumi, na pengine anastahili jina hilo. Lakini mwizi hupima uwezekano wa kukamatwa kabla ya kupima ukubwa wa adhabu, na anajua kwamba laini ya umeme ina urefu wa mamia ya kilomita na askari ni wachache. Mizani, kwa upande mwingine, zinahesabika.

Kinachonishangaza ni kwamba Kenya ina nyenzo ambayo Waingereza hawakuwa nayo. Walipopiga marufuku noti, walilazimika kuwasukuma wauzaji kwenye hundi na uhamisho wa benki, njia ambazo waokotaji wengi hawakuzizoea, na mwanzoni wakawasamehe baadhi ya waokotaji wa kuzunguka kabla ya kuona kwamba msamaha huo ni tundu na kuuziba. Sisi tuna M-Pesa tangu mwaka 2007, na kijana wa mkokoteni anailipia chai yake kwa simu. Laini yake imesajiliwa kwa kitambulisho, muamala una saa na jina. Nusu ya kumbukumbu ambayo karani wa hapa anaiandika kwa mkono, simu ya kwetu huiandika yenyewe. Kanuni isiyo na mwanya wowote, kwamba hakuna kilo hata moja ya chuma mzee itakayolipiwa kwa noti, ingewagharimu watu wachache sana kwetu kuliko ilivyowagharimu hapa. Na iandamane na ukaguzi: ofisa anayeweza kulinganisha tani zilizotoka yadini na malipo yaliyoingia kwenye simu za wauzaji, kwa sababu tani ambazo hazina malipo zimetoka mahali fulani.

Jambo jingine liko mikononi mwa mashirika yenyewe ya umma. Yanapouza nyaya kuukuu au reli zilizokongoka, yauze kwa mnada wa wazi na hati inayosafiri na mzigo hadi kiwandani, ili waya wa namna hiyo usio na hati uwe ushahidi dhidi ya aliye nao. Bila hati, mwenye yadi atasema daima kwamba alinunua mabaki halali, na wakati mwingine atakuwa anasema kweli.

Nisiisifu Uingereza kupita kiasi. Wizi ulipungua baada ya sheria, lakini bei ya shaba nayo ilishuka katika miaka hiyo, kwa hiyo sheria haiwezi kujichukulia sifa zote. Bei za paladi na rodi (rhodium), madini adimu ya thamani, zilipopaa, wezi walihamia chini ya magari na kukata vichujio vya moshi vyenye madini hayo, na wanunuzi wasio na leseni hawakukosekana. Halmashauri zinazobana matumizi hazitumi wakaguzi kila wiki, na sheria isiyokaguliwa hulala hata Ulaya.

Kuna pia suala la mipaka. Scotland ilichelewa kupiga marufuku malipo ya taslimu hadi Septemba 2016, na kwa muda huo wote ilihofiwa kwamba mzigo wa wizi ungevuka kaskazini kufuata noti. Kama hofu hiyo ilikuwapo ndani ya nchi moja, sembuse sisi wenye mipaka ya Busia, Malaba na Namanga. Kenya ikibana mizani zake peke yake, lori litasonga mbele kidogo tu, na ndiyo maana suala hili linapaswa kuzungumzwa na Uganda na Tanzania kwenye meza ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kabla ya laini nyingine kuanguka.

Kuhusu waokotaji, sheria ya hapa inatofautisha leseni ya mwenye yadi na ile ya mkusanyaji wa kuzunguka, na nadhani sisi tungeenda mbali zaidi. Leseni ya mkokoteni iwe ya bei ambayo mtu anaweza kuilipa kwa kazi ya siku moja, ifungwe kwenye namba yake ya simu, naye apewe stakabadhi kila anapouza, ili askari anapomsimamisha barabarani na gunia la sufuria zilizotoboka, awe na kitu cha kumwonyesha.