Ng'ombe wa Kondoa walienda wapi?

Mwandishi, umesema wataalamu wamekokotoa kwa kompyuta hewa ukaa itakayopungua Dodoma tukiotesha miti na kupunguza mifugo. Sawa. Ila sisi wa Kondoa tulishaonja: mwaka 1979 mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) uliondoa mifugo kwenye ardhi iliyomomonyoka. Miti ikarudi kweli, makorongo yakaota nyasi. Lakini ng'ombe hawakuyeyuka. Walihamia kwa majirani, wakaendelea kucheua na kutoa methani, gesi nayo inayopasha dunia joto, hukohuko. Hesabu hiyo inawafuata, au inaishia mpakani mwa ramani? Shambani kwangu nilipogolea visiki vya migunga, nikaacha machipukizi mawili matatu kila kisiki, sasa yananipita kimo. Nayo yamo kwenye hesabu, au imehesabiwa miche ya kwenye viriba tu?