Asali kwenye kidonda: kabla hatujaicheka

Taja asali kama dawa ya kidonda mbele ya baadhi ya matabibu, utapewa tabasamu lile la kumvumilia mtoto. Nalielewa. Wauzaji wameibebesha asali maradhi yote, kuanzia kikohozi hadi saratani, na anayeahidi kila kitu haaminiwi hata siku anaposema kweli. Lakini kwenye kidonda asali ina hoja, tena za kupimika.

Sukari yake, karibu asilimia 80, huwanyonya bakteria maji mpaka wanashindwa kuzaana. Ina uchachu pia, pH yake ikiwa kwa kawaida kati ya 3 na 4.5, na vijidudu vingi vya usaha havistawi humo. Halafu kuna kimeng'enya ambacho nyuki hukitia wakati wa kusindika nekta. Asali ikikutana na majimaji ya kidonda, kimeng'enya hicho huanza kutoa haidrojeni peroksaidi, ile ile ya kuoshea vidonda, ila kidogo kidogo, bila kuunguza nyama changa kama inavyoweza kufanya ya chupani. Asali ya manuka, itokanayo na maua ya kichaka cha New Zealand, hutegemea zaidi kemikali nyingine, methilglioksali. Bakteria anayejifunza kuikwepa antibayotiki moja ana kibarua kigumu anaposhambuliwa kwa njia zote hizi kwa mpigo.

Mwaka 2015 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopembua ushahidi wa tiba, ilichapisha mapitio ya majaribio 26 yenye washiriki 3,011. Kwa majeraha ya moto yasiyozama ngozi yote, yaliyofungwa kwa asali yalipona siku 4.68 mapema kuliko yaliyofungwa kwa bandeji za kawaida. Mtu huisoma namba hiyo na kuipita. Siku nne na ushee, basi? Muulize aliyewahi kubanduliwa shashi iliyogandana na ngozi mpya. Siku nne ni bandeji kadhaa ambazo hazikubadilishwa na usiku kadhaa wa kulala bila kuogopa kujigeuza. Ngozi iliyo wazi ni mlango wa vijidudu, na jeraha la moto likichelewa kufunga, kovu lake huelekea kuwa nene na la kuvuta. Kwa hiyo faida yenyewe haiishii siku bandeji inapotolewa.

Wanaopinga nao wana neno. Namba hiyo imetoka kwenye majaribio mawili tu, yenye watu 992, na aliyeongoza yote mawili ni mtafiti yuleyule, nchini India. Pingamizi hilo ni la haki, na dawa yake ni wengine kurudia majaribio, si kucheka. Wapo pia wanaouliza kama asali ndiyo iliyokimbia au wenzake ndio waliochechemea, kwa kuwa ilishindanishwa na vitu kama shashi ya parafini na utando wa plastiki. Hoja hii hainitikisi sana. Vifaa vya namna hiyo ndivyo wagonjwa wengi wanavyofungwa hadi leo.

Kwa vidonda sugu vya miguu vinavyotokana na vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, asali imeshindwa kuthibitisha lolote. Jaribio la New Zealand la mwaka 2008 liliwafuata watu 368 kwa wiki 12: waliopona kwa asali walikuwa asilimia 55.6, kwa bandeji za kawaida 49.7, tofauti ambayo kitakwimu inaweza kuwa bahati tu. Na waliopakwa asali walilalamika zaidi maumivu. Gundi ya nyuki (propolisi), ile wanayozibia nyufa za mzinga, nayo huua bakteria vizuri maabara, lakini inajulikana kwa kuwasha na kuvimbisha ngozi za watu wenye mzio nayo. Maziwa ya nyuki, chakula cha malkia wao, nayaacha. Sifa zake bado zimeutangulia ushahidi.

Kinachosahaulika ni kwamba asali ya hospitali si ile ya chupa ya mezani. Asali mbichi inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu inayopoozesha misuli, ndiyo maana asali ya kitabibu hupigwa mionzi ya gama, inayoua mbegu hizo na kukiacha kimeng'enya kikifanya kazi. Anayeichemsha ya mezani ili awe salama hupata hasara mara mbili: moto wa jiko hautoshi kuziua mbegu hizo, ila kimeng'enya unakiua.