STI Iliyotumika: Ya Melini au Iliyotembea Nchini?

Mtu wa Mombasa akitangaza kwamba anatafuta gari dogo la saluni lenye mbio, mazungumzo hayakawii kufika kwenye Subaru WRX STI, na yakishafika hapo ushauri huwa ni ule ule: usiguse iliyokwisha kutembea Kenya, ngojea iliyoshuka melini kutoka Japani, na ukiweza achana na turbo kabisa kwa sababu injini zake hufa mapema. Ushauri wa kwanza una ukweli wa nusu, nao nitaurudia. Huo wa mwisho, kwa sehemu kubwa, ni habari za gari jingine.

Simulizi za pistoni zilizovunjika, ambazo kila kijana mwenye simu amezisoma, zinatoka hasa Marekani, ambako STI iliuzwa kuanzia 2004 hadi 2021 ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 2,457. Ugonjwa wake unajulikana: ukingo mwembamba wa pistoni unaozishika ringi hupasuka, mara nyingi kwenye silinda ya nne, hasa pale programu ya injini ilipochezewa au petroli ilipokuwa hafifu. STI ya gia za mkono iliyotengenezwa kwa soko la Japani, ambayo ndiyo tunayoiona zaidi bandarini kwetu, ina injini ya sentimita za ujazo 1,994. Hiyo huzunguka hadi mara 8,000 kwa dakika, na katika toleo la mwisho hutoa nguvu farasi 308. Haina kinga dhidi ya kila kitu, kwani ikikaukiwa na oili bearing za fimbo za pistoni huliwa upesi, lakini kuihukumu kwa makosa ya ndugu yake wa Marekani ni kumfunga mtu kwa kesi ya jirani.

Tofauti hii haihitaji fundi bingwa kuitambua, kwa kuwa imeandikwa mwanzoni mwa nambari ya chesisi. GVB ni saluni ya lita mbili iliyoanza 2010, na VAB ni ile iliyofuata kuanzia 2014. GVF ni toleo la A-Line, lenye umbo lile lile na beji ile ile, ila injini yake ni ya lita mbili na nusu na gia zake ni za otomatiki. VAG si STI hata kidogo. Ni WRX S4, yenye injini ya kizazi kingine na gia za CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia. Nimeona tangazo la GVF likisifiwa kuwa "STI orijino ya Japani, otomatiki kwa raha yako". Hakuna uongo hapo, lakini mnunuzi alistahili kuambiwa ni injini gani anayouziwa pamoja na hiyo raha.

Wanaotetea gari la melini wana hoja nzito. Gari hilo huja na karatasi ya mnada wa Japani inayoonyesha daraja lake, na herufi R humjulisha mnunuzi kwamba liliwahi kugongwa likatengenezwa. Limepita ukaguzi wa lazima wa Japani, na limekimbia kwenye lami isiyo na matuta ya kushtukiza. Tatizo ni kwamba karatasi ya mnada hueleza bodi vizuri kuliko inavyoeleza injini. Haitaji ni nani aliyekuwa akiliendesha, wala kama programu ya injini iliwahi kubadilishwa kisha ikarudishwa ilivyokuwa kabla ya mnada, na STI ni gari ambalo Wajapani wenyewe hulinunua ili walikimbize. Hata hoja kwamba gari la Japani halina kutu haisimami daima, kwa maana mikoa yenye theluji humwaga chumvi barabarani, na chumvi hiyo hula sakafu ya gari kama upepo wetu wa bahari unavyokula.

Gari lililotembea nchini linadharauliwa kupita kiasi, ilhali ndilo pekee linaloweza kuhojiwa sawasawa. Fundi wake anapatikana, risiti za oili zinaweza kudaiwa, na injini inaweza kupimwa kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda, mnunuzi akiwa amesimama pale pale. Kipimo hicho ni kazi ya jasho, na ndiyo maana wengi hukikwepa. Silinda za Subaru zimelala ubavu, hivyo plagi zimejificha kati ya injini na kuta za bodi. Ili kuifikia silinda ya nne, iliyo nyuma upande wa abiria, betri hutolewa kwanza na mkono huingizwa mahali ambapo hata spana inabanwa. Injini ipimwe ikiwa moto, mafuta yakiwa yamekatwa na koo la hewa likiwa wazi kabisa. Kinachotafutwa ni mlingano: silinda moja ikishuka mbali na wenzake watatu, mazungumzo ya bei yameisha. Kabla ya hapo injini isikilizwe ikiwashwa baridi, na muuzaji ambaye kila mkifika hukutwa ameshaipasha moto aulizwe kwa nini.

Yako pia mambo ya hapa ambayo hayawezi kupuuzwa. STI ilitayarishwa kwa petroli ya Japani ya oktani ya juu, yaani isiyolipuka kabla ya wakati ndani ya silinda, ambayo huuzwa ikiwa kati ya 98 na 100, na petroli ya kawaida ya pampu zetu iko chini ya hapo. Injini ikiwa na programu yake ya kiwandani hujirekebisha na kupunguza nguvu. Ikiwa imechokonolewa ili itoe zaidi, hugonga ndani kwa ndani hadi siku ya kuvunjika. Kwa hiyo STI ya Mombasa isiyochezewa, hata kama haina ekzosi ya kuamsha mtaa, ina thamani kuliko iliyosheheni nyongeza. Foleni ya kivuko cha Likoni wakati wa joto la Februari nayo hula klachi na kuichosha oili, kwa hiyo anayesema hubadilisha oili "ikifika tu" hajajibu swali.

Kalenda nayo inaamua mengi. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likipita miaka minane, kwa hiyo lililosajiliwa mara ya kwanza 2019 mwisho wake ni Desemba 2026. Oda za STI ya Japani zilifungwa mwishoni mwa 2019, na Machi 2022 Subaru ilitangaza kwamba WRX mpya haitakuwa na STI ya petroli. Baada ya Desemba 2026 yatabaki machache yaliyosajiliwa 2020, yakiwemo ya toleo la mwisho la magari 555 ambayo bei yake si ya mtu wa kawaida, na mnunuzi wa melini atajikuta mbele ya S4. Yadi zitaitumia tarehe hiyo ya Desemba kuharakisha watu, na haraka ndiyo adui wa kipimo cha kompresheni.

Hatari halisi ya gari la nchini, kwa maoni yangu, iko kwenye injini iliyobadilishwa. Injini za EJ20, yaani za Subaru za lita mbili, ziko nyingi, na nafasi ya iliyokufa huweza kuchukuliwa na ya Subaru nyingine kama Forester au Legacy bila umbo la nje kubadilika hata kidogo. Nambari iliyogongwa kwenye injini ilinganishwe na ya kwenye logibuku kabla ya shilingi yoyote kutoka. Zikitofautiana huenda ni matengenezo halali ambayo mwenyewe hakuyaandikisha, ila hilo ni juu yake kulithibitisha kwa karatasi.